Mkono wa Harisi

Watu wa kwetu hunambia nna kinyongo, na wakishasema hunikodolea macho wakingoja nikatae. Sikatai. Nnacho, nimekitunza, na kila baada ya muda nakitoa uani nikakianika kama godoro kisije kikaingia uvundo. Mwaka jana tulialikwa akika ya mtoto mchanga hapa Muscat, mtaa wa Al Khoudh, nyumbani kwa Ilham, binti wa Rahma. Rahma ni binti wa shangazi yangu. Tumekula sinia moja utoto wetu wote. Wanawake walikuwa wamejaa ukumbi wa juu, halwa inapita, kahawa inapita, mtoto mwenyewe kalala hana habari, Rahma akaninong'oneza: "Zuwena, teremka ukamsalimie mkwe wa Ilham. Kapigwa na kiharusi, maskini, upande wote wa kulia. Mtu wetu, wa Unguja. Zamani alikuwa mhariri, Ustadh Mahfudh." Harusi ya Ilham sikuhudhuria, nilikuwa nje natibiwa goti, kwa hiyo mzee mwenyewe sikuwahi kumwona. Rahma alikuwa keshasahau, lakini mimi jina lile nalijua. Mwaka niliotimia miaka kumi na nne nilikuwa nikilisoma kila wiki chini ya ukurasa wa kwanza wa majalla ya watoto, kwa herufi nene, na kila nikilisoma namwomba Mungu anikutanishe na mwenyewe. Mungu hana haraka. Nilikitikisa kikombe changu kuonesha sitaki kahawa tena, nikaanza kuteremka ngazi na goti langu bovu, na mwaka wote ule ukateremka pamoja nami.

Tulikuwa tukikaa Darsait, ghorofa ya pili, juu ya karakana ya kuchomelea vyuma. Vyumba viwili na ukumbi mwembamba, dirishani mashine ya baridi inayonguruma na kudondosha maji kwenye ndoo. Shangazi Nasra, mama wa Rahma aliyenilea na mimi, alikuwa na Kiarabu cha kuombea dua na kununulia samaki, basi. Kilichobaki chote cha maisha yake kilikuwa Kiswahili. Sisi watoto ndio tuliokuwa masikio yake. Kila Jumatano, baada ya alasiri, alikuwa akitandika jamvi ukumbini, anaweka birika la chai ya maziwa na sahani ya mkate wa kumimina, ananyoosha miguu na kusema, "Haya, nisomee huyo mtu wako." Mtu wangu alikuwa Harisi, mlinzi wa mnara, shujaa wa majalla ya katuni iliyokuwa ikiuzwa dukani kwa Koya, Mhindi wa Malabar, kando ya karakana chini ya nyumba yetu. Jina la majalla silitaji; imeshakufa, na maiti hasemwi vibaya. Picha zilikuwa za kizungu, zimetoka ng'ambo, na maneno ya Kiarabu yalitiwa hapa hapa Muscat, ofisini Ruwi. Mimi nayasoma kwa Kiarabu na kuyatoa kwa Kiswahili papo hapo, Rahma kaniegemea bega, Shangazi anachagua mchele au anakunja nguo na huku anabishana na kila mtu aliyemo kwenye kitabu. Jambazi akimvizia Harisi nyuma ya ukuta, Shangazi husema, "Nyuma yako, mwana wa watu, huoni?" Kiarabu changu chote nilichokuja kufanyia kazi serikalini miaka thelathini nilikipata pale kwenye jamvi, na si kwa mwalimu yeyote.

Harisi alikuwa mashoto, na hapo ndipo ulipokuwa utamu wote. Mwenge wake wa moto aliurusha kwa mkono wa kushoto, milango aliifungua kwa kushoto, na alipokamata majambazi aliandika majina yao ukutani kwa kushoto. Nami ni mashoto. Kula nilishafundishwa nikakubali, mkono wa kulia, sunna ni sunna, sikuwa na ugomvi. Lakini kuandika na kuchora, mkono wangu wa kulia ulikuwa hauna akili hata kidogo, na wa kushoto ulikuwa unajua mambo ambayo mimi mwenyewe sikuyajua. Nilikuwa nachora. Nasema hivi sijisifu. Waulizeni waliosoma nami. Nilikuwa namchora Abla, mwalimu wetu wa Kiarabu, kwa mistari saba minane, darasa zima linamtambua. Abla huyo huyo alikuja mwaka ule na amri yake kwamba msichana mwenye adabu haandiki kwa mkono wa kujisafishia, akamwita Shangazi shuleni kumwambia. Shangazi alirudi hana raha. Alinitazama nikichora pale kwenye jamvi, kisha akasema, "Sasa mimi nifanye nini na mkono huu?" Nikamfunulia Harisi, nikamwonesha. "Shangazi, na huyu je? Huyu si ndiye unayemwombea dua?" Akacheka, akasema, "Huyo kafiri, yeye hana shangazi." Lakini mkono wangu hakuugusa. Wiki baada ya wiki Abla analeta maneno na Shangazi anayapuuza. Watoto wengine walikuwa na baba wa kuwasemea mbele ya walimu; mimi nilikuwa na Harisi, na Harisi alikuwa anashinda kesi.

Kisha akaja mhariri mpya. Jina la zamani lilitoka chini ya ukurasa wa kwanza, likaingia Mahfudh, na majalla ikaanza kubadilika kidogo kidogo, mtu asiyeipenda asingeona. Mashairi ya nasaha yakaingia kwenye kurasa za vichekesho. Binti mmoja aliyekuwa akimsaidia Harisi akatoweka, hakufa wala hakusafiri, wiki moja yupo, wiki ya pili pahala pake pana tangazo la juisi. Nilinung'unika, nikavumilia. Halafu likatoka toleo moja ambalo Harisi kaumia, mkono wa kushoto umefungwa bandeji na kuning'inizwa shingoni. Picha ilikuwa ya kuumia tu, mtoto mdogo angeijua. Lakini maneno aliyotiwa kinywani, maneno ya Mahfudh hayo, yalisema kwamba mkono wa kushoto ulikuwa umetiwa sumu na adui tangu mwanzo, kwamba ni mkono wa khiyana, na kwamba Harisi ameapa kuufunga na hatautumia tena maisha yake. Nilisoma nikafika hapo nikanyamaza. "Mbona umenyamaza?" Shangazi akauliza. Nikasema kizunguzungu. Rahma, ambaye hakuwa na ubaya ila hakuwa na simile, akaichukua majalla akamsomea mpaka mwisho. Shangazi alisikiliza na mchele mkononi. Baadaye akasema taratibu, kana kwamba anazungumza na mtu mwengine, "Hata yeye mwenyewe kaapa." Jioni ile ile nilipokaa kufanya kazi za skuli alikuja na mtandio wake wa kijani, akaufunga mkono wangu wa kushoto nyuma ya kiti. Hakunipiga, hakunigombeza. Aliufunga kwa upole, akanibusu utosini, akanambia, "Utazoea, mwanangu. Harisi kazoea." Toleo lililofuata Harisi alikuwa anarusha mwenge kwa mkono wa kulia, na kila toleo baada ya hilo.

Mtu akikudhulumu kwa makusudi unajua pa kumshika. Huyu hakunijua. Alikaa ofisini kwake na kalamu, akageuza mstari mmoja, akaenda zake kula chakula cha mchana, na Darsait mtoto akafungwa kwenye kiti. Nikamwandikia. Nilifungua mtandio kwa mkono wa kulia Shangazi akiwa kwa jirani, nikaandika kwa mkono wangu wenyewe, kwa Kiarabu safi, Rahma akinichungia mlango. Sikumtukana. Nilimwambia kwamba Harisi kamharibu, kwamba mkono hauwi na khiyana, khiyana ni ya moyo, na kwamba mimi ni mashoto nakula kwa kulia na naswali sala zangu zote, sasa yeye ananiita nini? Nikamwomba amrudishie mtu mkono wake. Chini yake nikamchora Harisi, picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora, mwenge mkono wa kushoto, na pembeni nikatia jina langu kwa herufi ndogo za Kiarabu. Rahma aliitazama akasema, "Hii wakiichapisha, Zuwena, wallahi na mimi n'taandika kwa kushoto." Tukaitia posta, nikangoja kama mtu anayengoja jibu la posa.

Waliichapisha. Koya alinipungia kwa furaha nikiwa bado ng'ambo ya barabara, kalifungua toleo kwenye ukurasa wa wasomaji, kidole chake juu ya jina langu. Nikasoma nimesimama baina ya magunia ya vitunguu. Iliandikwa kwamba msomaji wetu Zuwena wa Darsait anamshukuru mhariri kwa kumwongoza Harisi kwenye njia njema. Kwamba yeye pia alikuwa mashoto, na sasa, kwa baraka za majalla, amejirekebisha. Na kwamba anawanasihi wasichana wote wafanye kama yeye. Jina langu. Mtaa wangu. Maneno yangu mawili matatu wameyaacha humo ndani, "nakula kwa kulia", "naswali sala zangu zote", ili mtu yeyote anijuaye aamini kuwa ni mimi. Na picha yangu ipo, imechapishwa kubwa, nzuri, na Harisi kashika mwenge mkono wa kulia.

Shangazi alilia kwa furaha. Aliikata karatasi ile akaitia kwenye fremu, akaitundika ukumbini pahala pa kalenda, na kila mgeni aliyekuja kunywa chai alisomewa. Abla aliisoma darasani, wasichana wakapiga makofi. Nilijaribu kusema. Nilimwambia Shangazi, "Sikuandika hivyo," naye akanambia, "Usione haya, mwanangu, toba haina aibu." Mtu gani utampata wa kumwambia kwamba gazeti limesema uongo, na gazeti ni gazeti, na wewe ni mtoto wa miaka kumi na nne? Rahma peke yake alijua, na hata Rahma alianza kuniuliza ile picha waliibadilishaje, mbona mistari ni yangu kabisa. Hapo ndipo nilipoitazama vizuri. Jina langu dogo la pembeni lilikuwa halisomeki, herufi zimetazama nyuma. Nikaishusha fremu, nikaipeleka mbele ya kioo cha meza ya kujipambia ya Shangazi, na kwenye kioo jina likasomeka, Zuwena, na Harisi wangu akawa na mwenge mkono wa kushoto. Walikuwa wameipindua tu. Rahma akaguna, akasema, "Wezi hawa."

Mimi sikuishia hapo, na afadhali ningeishia. Nilizitoa majalla zangu zote chini ya kitanda, nikazipitisha mbele ya kile kioo moja moja. Nilikuwa siku zote nikijiuliza mbona Harisi anavaa saa mkono wa kulia, mbona mashati yake yana vifungo upande wa wanawake, mbona vibao vya maduka mjini kwake vimepakwa rangi nyeupe. Kwenye toleo moja la zamani mpakaji alisahau kibao kimoja, kidogo, juu ya mlango. Kwenye karatasi kilikuwa mikwaruzo. Kwenye kioo kilikuwa neno la Kiingereza, duka la mkate, linasomeka wazi. Nikakaa chini. Kurasa zote walikuwa wakizipindua ili zisomeke kutoka kulia kwenda kushoto, kama tusomavyo sisi. Harisi kwao alikuwa mtu wa mkono wa kulia. Hakuwahi kuwa mashoto hata siku moja isipokuwa huku kwetu, kwa ajili ya kiwanda cha kuchapia. Nililia siku ile kuliko siku niliyofungwa. Lakini nilipomaliza kulia hasira ikawa imejipanga vizuri zaidi, imejua njia. Kwa sababu huyu Mahfudh alijua. Angeandika mistari miwili, wasomaji wetu, picha zilikuwa zimepinduka, sasa tumezinyoosha moja moja, na mimi ningesikitika na yangeisha. Yeye akaona bora atunge sumu na khiyana na kiapo, apate sifa kwa wazee. Na nilipomwambia, akanifunga mdomo kwa jina langu mwenyewe.

Shangazi husema hasira hasara. Labda. Toleo lililofuata lilipofika nilikwenda dukani mapema, Koya akanikalisha nyuma ya meza kama kawaida yake, maana nilikuwa mgeni wake wa heshima tangu nitoke gazetini. Bado alikuwa na nakala nyingi za toleo lenye barua yangu. Alikuwa amezidisha kuagiza kwa fahari. Yeye anapima sukari, mimi nazichukua moja moja. Kwa kalamu nyekundu, kwa mkono wa kushoto, chini ya barua ile, kwa herufi kubwa za kujaza ukurasa, niliandika UONGO. Niliandika kwa Kiswahili makusudi. Kiarabu changu Mahfudh alikuwa ameshakihariri. Hiki angekwenda nacho wapi? Nakala zile ziliingia kwenye nyumba za Darsait nzima, na nyumba za watu wetu zilizisoma. Koya alipogundua hakunigombeza, aliniangalia tu kwa huzuni, akanambia nisikanyage tena. Shangazi alizilipia nakala zote alizozikuta, akazichana jikoni mbele yangu. "Umenivua nguo," alisema. "Mimi nawaonesha watu umeongoka, wewe unawaandikia mimi muongo." Nikamwambia muongo si wewe, Shangazi. Akanambia hakuna muongo mwengine watu waliyemwona ila yeye. Fremu aliiacha pale pale ukutani, na mtandio akaukaza.

Mkono ulifungwa mpaka mwisho wa mwaka wa skuli. Nilipofunguliwa niliandika kwa kulia, hati mbaya ya kuku, na ndiyo niliyonayo mpaka leo. Kuchora kulikwisha. Nilijaribu kwa kulia, haukujua kitu. Nikaurudia wa kushoto kwa siri, nao ulikuwa kama mtu uliyemtelekeza stesheni ukarudi baadaye kumtafuta. Mistari ilitoka lakini watu hawakutokea. Wapo waliopoteza makubwa kuliko hayo, najua, nimezika watu, nimeona. Lakini hicho kilikuwa changu, na aliyekichukua aliishi vizuri, akapewa nishani, akaozesha, akajenga Al Khoudh.

Basi nikafika chini. Chumba kilikuwa kizuri, mapazia mazito, harufu ya ubani na dawa. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, kanzu nyeupe, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Ilham amepiga magoti mbele yake na sahani ya pilau ya mbuzi, anamlisha kwa kijiko. "Baba, huyu Khalti Zuwena, ndugu yake mama." Aliniamkua kwa adabu, Kiswahili cha mjini, kitamu. Nikaketi. Nikamuuliza Ilham mbona mzee analishwa ilhali mkono wa pili mzima. Ilham akasema kwa sauti ndogo kwamba hataki. Daktari kasema autumie, sheikh kaja mpaka nyumbani kamwambia mwenye udhuru hana dhambi, hataki. Heri alishwe kama mtoto kuliko watu wamwone anakula kwa kushoto.

Aliye juu mngoje chini, wanasema. Nilikuwa nimemngoja. "Ustadh," nikamwambia, "mimi ni msomaji wako wa Darsait. Nilikuandikia kuhusu Harisi." Uso ukamchangamka. Akasema majalla ile, masha'Allah, siku njema zile. Nikamkumbusha mkono wa khiyana. Akacheka kidogo, upande mmoja wa mdomo. "Harisi kwao alikuwa wa kulia, mwanangu. Kurasa tulikuwa tukizipindua. Mimi nilimrudisha tu."

"Najua. Nilimwona kwenye kioo nikiwa na miaka kumi na nne. Nakuuliza barua yangu. Nilikulaumu, ukachapisha nakushukuru."

Aliitafuta barua ile kichwani, naona anatafuta kweli. Kisha akatikisa kichwa bila ya haya yoyote. "Barua zilikuwa nyingi. Zote tulikuwa tukizinyoosha."

Nikamwomba Ilham kijiko. Nikamwambia, "Inuka mwanangu, mpishe mtu ale." Nikaiweka sahani upande wake wa kushoto, nikaufungua mkono wake wa kushoto, vidole laini, vidole vya mtu ambaye hajavitumia, nikatia kijiko ndani nikavifunga. "Bismillah," nikasema. Alitazama mlangoni, wanaume walikuwa wanapita kwenda sablani, ukumbi wao wa wageni. Alinitazama mimi. "Usinifanyie hivi," akasema, polepole sana, Ilham hakusikia. Nikamwambia, "Utazoea." Akala. Kijiko cha kwanza kilimwagika kifuani, cha pili kikagonga shavu, cha tatu kikafika. Machozi yalimtoka na sikumfuta. Nilikaa pale kwenye kiti mpaka sahani ikabaki mifupa, na sikumsaidia hata kwa punje moja, na kila ilipomwagika moyo wangu ulipoa. Mtenda akitendewa huhisi kaonewa. Nilitaka nimwone akihisi, nikamwona.

Kabla sijafika nyumbani simu ilikuwa imejaa. Ilham alikuwa ametuma ujumbe wa sauti kwenye kikundi cha familia, analia: Khalti Zuwena, Mungu ampe pepo, kamsamehe Baba mambo ya zamani, kamfundisha kula mwenyewe, jambo ambalo limewashinda madaktari. Watu wananiombea dua kutoka Unguja, kutoka Dubai, kutoka London. Rahma kanipigia, sauti imemvimba kwa fahari, "Mwenzangu, una moyo wewe." Nikabonyeza nikasema nami, mbele ya wote, kwamba sikumsamehe mtu, kwamba nilikwenda kulipa na nimelipa, na nikipewa nafasi nitalipa tena. Nilipomaliza kuswali isha niliitafuta sauti yangu nisiisikie. Pahala pake paliandikwa kwamba msimamizi ameufuta ujumbe huu. Msimamizi ni Ilham. Chini yake dua zinaendelea.

Ndiyo maana nimeandika sura hii katika kitabu changu cha kumbukumbu. Kijana anayenisaidia kukihariri kitabu amenambia kwa heshima zake zote kwamba ni kali, na kwamba wasomaji wangependa mwisho wake nimsamehe yule mzee. Nimemwambia akiigusa sura hii, kitabu kizima nakichoma.